Kijiwe cha kahawa Mikindani: kahawa kali, na hoja zenye uzito

Ukipita Mikindani baada ya Magharibi, kaa kwenye kijiwe cha kahawa kilicho upande wa ufukweni. Kikombe shilingi 200, kahawa nzito, tangawizi ya kiasi, na kashata za korosho zinazovunjika vizuri mdomoni. Kasoro ninazo mbili: maji ya ndoo ya kusuuzia vikombe yanachelewa kubadilishwa, na benchi ni moja, kwa hiyo sisi kina mama tunasimama.

Ninachokisifu hasa ni mazungumzo. Mzee mwenye birika hataki porojo. Juzi ilikuwa zamu ya kumjadili Yevgeny Prigozhin, Mrusi aliyekuwa mkuu wa kundi la mamluki la Wagner, na huku kwetu hiyo si habari ya mbali. Wagner yake ilifika Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma tuliko na ndugu, ikapoteza watu na kuondoka baada ya miezi michache.

Kijana wa bodaboda akashikilia kwamba alipoasi Juni 2023 jamaa alibakiza kidogo tu ampindue Putin: mji wa Rostov, kusini mwa Urusi, ameshaushika pamoja na makao ya jeshi, msafara uko kama kilomita 200 kutoka Moscow. Mzee akatua birika.

"Mjukuu wangu, acha kilomita. Nani wa ndani alimfungulia mlango?"

Kimya. Hakuna jenerali aliyejiunga naye na kikosi chake. Jenerali Surovikin, aliyedhaniwa mtu wake, alitoka kwenye video akiwaambia wapiganaji warudi kambini. Tena Prigozhin hakudai kiti cha Putin; alitaka Shoigu, waziri wa ulinzi wa wakati huo, na Gerasimov, mkuu wa majeshi, waondolewe, wakati wizara ya ulinzi imeshaagiza wapiganaji wasaini mikataba nayo kufikia Julai 1. Na fedha? Putin alisema baadaye kwamba serikali iliilipa Wagner zaidi ya ruble bilioni 86 kwa mwaka mmoja. Unamwasi vipi mwenye chungu unachokula?

Mimi nikaongeza la Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1967. Mamluki wa Kibelgiji Schramme aliuasi utawala wa Rais Mobutu, akaushika mji tangu Agosti, Novemba akakimbilia Rwanda. Mji aliupata, nchi haikumfuata. Askari wa Rostov nao hawakumzuia Prigozhin, lakini kumwacha mtu apite si kuwa upande wake. Kijana bado anabisha, na ana haki yake. Mzee alimjazia kikombe cha pili bila kumdai.

Nawapa nyota nne. Wahini kashata, saa mbili usiku huwa zimekwisha.