Mtega fuko niliyemlipa kwa kichwa: miezi minne baadaye

Siku niliyoamini kwamba nina fuko shambani ni siku niliyoona karoti ikizama. Nimesimama na jembe, upepo hakuna, majani ya karoti moja yakatikisika, yakatikisika tena, halafu yakaingia ardhini yote kama yamevutwa na kamba. Niko Siha, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na hapo nina robo tatu ya eka ya karoti na viazi mviringo.

Kabla ya kumpata huyu mtegaji nilishachoma hela. Duka la pembejeo waliniuzia mtego wa chuma kwa 15,000. Nikautega shimoni, kesho yake nikaukuta umefyatuka, umejaa udongo, na fuko hayumo. Jirani akaniambia nipande utupa mpakani. Utupa nilipanda, na majani yake nayaloweka hadi leo kunyunyizia wadudu wa maharage, ila fuko walipita chini yake kama hawaujui. Sumu sikutaka hata kuisikia, nina paka na kuku.

Mzee niliyepewa namba yake alikuja na mfuko wa salfeti, panga, waya za breki za baiskeli na fito kama kumi. Bei yake 4,000 kwa kila fuko, asipokamata hadai hata nauli. Hapo tukaelewana haraka.

Vichuguu vya zamani alivipita bila kuviangalia. "Haya makaburi, mama. Mwenyewe kashahama." Alikuwa anatafuta udongo mbichi, ule wenye unyevu bado. Akifika kwenye kichuguu kipya anafukua mpaka aipate njia, anaisafisha kwa mkono, anaweka kitanzi cha waya ndani, anakatiza kamba njiani, na juu anachomeka fito iliyopindwa inayoshikwa na ile kamba. Nikamuuliza chambo kiko wapi. Akacheka. Fuko hapendi upepo nyumbani kwake, akasema; ukimfungulia njia lazima aje kuziba. Anakuja anasukuma udongo, anakuta kamba, anaikata kwa meno. Kamba ikikatika fito inanyanyuka, kitanzi kinambana juu kwenye dari ya shimo. Ndipo nikaelewa mtego wangu wa dukani ulikuwa unafukiwa tu na mtu anayefunga mlango wake.

Wa kwanza alinaswa kabla sijamaliza kupika mchana. Mnene, kahawia, mrefu kama shibiri, macho kama punje za ulezi. Meno yake manne ya rangi ya chungwa yako nje hata mdomo ukiwa umefungwa, kwa sababu midomo inakutana nyuma ya meno. Ndiyo maana anachimba kutwa bila kula udongo. Mzee aliifuata njia yake mpaka ghalani. Nilihesabu karoti 31 humo, zimelala pamoja na viazi na mizizi ya majani ya tembo. Karoti safi kabisa, za kupeleka sokoni. Kule chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Wangu wamejifunza biashara ya mazao.

Kwa siku nane alitoa fuko 11. Sasa malalamiko yangu. Siku ya tano nilishinda Moshi, niliporudi akanionyesha mikia mitatu. Nikamwomba anionyeshe mashimo matatu, yakapatikana mawili. Nilimlipa 8,000 na sote hatukuongeza neno. Tangu siku hiyo nataka fuko mzima, mkia haunitoshi, na nawe ukimwita mtegaji wa kulipwa kwa kichwa kubaliana naye hilo mapema. Jingine, hafukii mashimo yake. Ndama wa jirani alitumbukiza mguu, bahati hakuvunjika.

Matokeo? Viazi vya msimu huu nimevuna bila pengo upande wa nyumbani. Upande wa mto, wiki ya tatu tu, vichuguu vipya. Nilidhani ameniachia wengine, kumbe fuko anaishi peke yake, kila mmoja na njia zake. Ukimtoa mmoja umeacha nyumba tupu yenye vyumba na ghala, na anayeishi ng'ambo ya mpaka, ambako hategi mtu, anahamia. Hivyo hii si kazi ya mara moja. Tumeungana kaya tatu, tunamwita mwanzo wa kila msimu, na bei imeshuka hadi 3,000 kwa sababu hapotezi siku njiani.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameipoteza kwa ile mikia.

Nimempigia simu tena jana. Nyuma ya jiko kuna kichuguu kimoja, na asubuhi nilipokigusa udongo ulinata vidoleni.