Chelezo kizuri, nanga ya mapambo: uzoefu wangu Kigoma

Nina vyumba vitatu vya wageni upande wa Bangwe, na wageni wakija na watoto swali huwa ni hilo hilo: tunaogelea wapi? Ndiyo maana mwaka jana niliagiza chelezo cha kuogelea kwa muuzaji mmoja wa Dar. Ni maboksi ya plastiki yanayopachikana, mita 2 kwa 3, pamoja na ngazi. Kwenye seti kulikuwa na nanga ya kukunja ya kilo 6 na kamba ya plastiki ya kijani.

Chelezo chenyewe sina neno nacho. Watu wazima sita wanakaa juu yake bila wasiwasi, ingawa wakijazana wote upande wa ngazi kinainama. Plastiki haijapauka. Watoto ndiyo usiseme, hawashuki mpaka uwaite mara tatu.

Shida ni nanga. Muuzaji aliniambia inashika popote. Sasa Ziwa Tanganyika si popote: penye kina kirefu zaidi ni karibu mita 1,470, na mteremko unaanza hapa hapa ufukweni. Kwangu, hatua thelathini tu kutoka nchi kavu kuna mita 4 za maji. Songa mbele kidogo, chini hupaoni tena. Nanga ikishaburuzika ikafika huko, inaning'inia tu.

Mwezi wa saba, kusi ikivuma usiku kucha, ikaburuzika. Niliamka nikakuta maji matupu. Chelezo kilionekana ng'ambo ya ghuba, Kibirizi, pale zinapopakia boti za Gombe na Mwamgongo. Vijana waliokivuta walitaka hela ya soda. (Kwa kiasi walichotaja, nadhani ilikuwa soda ya kijiji kizima.)

Mzee mmoja mvuvi alipoiona ile nanga alicheka. "Mwanangu, hii ni ya kushikilia mtumbwi wakati unakula." Akanieleza kosa langu pia: nanga ya makucha hushika ikivutwa kwa kulala, na mimi nilikuwa nimefupisha kamba ili chelezo kisizungukezunguke. Kila wimbi lilikuwa linaing'oa kwenda juu. Na kamba yenyewe ilikuwa inaelea, miguu ya watoto ikipita humo humo. Hilo lilinitisha kuliko hasara.

Tulimwaga zege, vitalu viwili vya sentimita 40 kila upande. Mfuko mmoja wa saruji ulitosha vyote. Kila kitalu ni kama kilo 150, lakini usijidanganye na namba hiyo: zege likizama hubaki na uzito wa kama kilo 90 tu, maana maji hulibeba. Juu tuliacha kitanzi cha nondo nene. Kuvipeleka ndiko kulikuwa kazi. Tulilaza mbao mbili juu ya mitumbwi miwili, kitalu kikaning'inia katikati ndani ya maji, tukakishusha taratibu kwa kamba. Kimoja kilishuka taratibu. Cha pili kiliniponyoka na ngozi ya kiganja ikaenda nacho.

Kutoka kwenye kila kitalu nimeweka mnyororo mita 3, kwa sababu chini kuna mawe na mawe hula kamba. Halafu kamba ya nailoni, ambayo inazama na inanyumbulika wimbi likipiga. Vitalu vimekaa pembe mbili zinazotazamana, mbali na chelezo, na kamba zimefungiwa chini ya maboksi mtoto asijikwae. Pini za shakeli, zile pingu za chuma zinazounga mnyororo, nimezikaza kwa waya. Bila waya hufunguka zenyewe. Maji yetu ni maangavu, kwa hiyo nakagua kwa miwani ya kuogelea kila mwezi, na baada ya masika nalegeza kamba maana ziwa hupanda.

Kusi ya mwaka huu imepita, chelezo hakijasogea. Kwa chelezo natoa nyota nne. Kwa nanga ya seti, moja, na hiyo ni kwa sababu sasa inanifaa kuvutia ndoo iliyodondoka. Muuzaji nilimpigia, akasema wateja wake wengine hawajalalamika. Nikamuuliza wako wapi, akasema kwenye mabwawa ya hoteli.

Kilichobaki ni kuwashawishi wavuvi. Wameona kinashika, na kila nikiamka nakuta mitumbwi mitatu imefungwa kwenye ngazi yangu.