Nilinunua geji za presha kwa hasira: uzoefu wangu na eskaveta ndogo, Kisumu

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huniuliza kwanza. Nilitoa shilingi 16,800, pamoja na nauli ya mzigo kwa basi kutoka Nairobi. Ni sanduku jeusi la plastiki; ndani mna geji tatu, ya baa 250, ya 400 na ya 600, hosi tatu nyembamba zenye urefu wa mita moja na nusu, na rundo la fitingi. Baa ninazosema ni kipimo cha presha, si zile za pombe kule Kondele. Siku nilipoagiza nilikuwa nimetoka kuambiwa nitafute shilingi 190,000 za pampu, na sikuwa nazo.

Mashine yangu ni ya tani 1.7, mtumba kutoka Japani, ya mikanda ya raba. Inachimba mitaro ya mabomba ya maji na mashimo ya vyoo kuanzia Chiga mpaka Ahero. Anayezijua nyanda za Kano, huko huko tunakochimba, anaujua udongo wake: ukilowa unashika mikanda kama ugali kwenye mwiko, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kwato za mbuzi. Mashine ndogo huko hainyanyui mchanga, inang'oa.

Kasoro ilikuja polepole. Asubuhi kazi inaenda. Ikifika saa sita, jua limeiva, mkono mkubwa unapanda kwa kusitasita kama mzee mwenye gunia begani. Ndoo ikikutana na udongo mgumu inasimama hapo hapo, injini ikinguruma bure. Na ukisukuma leva zote mbili za kutembea, mashine inapinda yenyewe kushoto kwa sababu mkanda wa upande huo unabaki nyuma. Tangi la oili ukilishika unaondoa mkono haraka.

Opereta wangu aliniambia siku ya pili tu: "Omera, haijachoka yote. Mkono mdogo uko na nguvu, mkanda wa kulia uko na nguvu, kuzunguka hakuna shida. Kuna vitu vitatu tu vimegoma." Nilimjibu kwamba mashine ni moja na oili ni moja. Ningemsikiliza ningeokoa wiki nzima.

Fundi niliyemwita alitega sikio kwenye pampu, akaishika, akatikisa kichwa. Kisha akachukua spana na ufunguo wa pembe sita, akalegeza nati ya vali moja kwenye bloku, akakaza skrubu yake nusu mzunguko. Mashine haikubadilika. Akasema basi pampu imekwisha, mambo ya mtumba hayo. Hakuwa na geji. Nilipomuuliza presha ni ngapi alisema fundi mzoefu anaisikia kwa mkono.

Sanduku lilifika Jumatano. Jioni hiyo nilikaa na kitabu cha mashine kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Sehemu ya presha kuu inasema MPa 20.6. Geji zangu zinasoma baa na psi. MPa moja ni baa 10, kwa hiyo nilikuwa natafuta baa 206, yaani karibu psi 2,990. Naandika hivi kwa sababu nimeona watu wakichanganya vipimo hivi na kukaza vali mpaka hosi inapasuka.

Kitabu hicho hicho kilinifungua macho kuhusu jambo lingine. Kitu tunachokiita pampu kwenye eskaveta hizi si pampu moja. Kwangu kuna pampu kadhaa ndani ya mwili mmoja, zikizungushwa na injini hiyo moja. Ya kwanza inalisha mkono mkubwa, ndoo na mkanda wa kushoto. Ya pili inalisha mkono mdogo na mkanda wa kulia. Ya tatu inazungusha kibanda na kunyanyua bleidi. Mashine nyingine zimepangwa tofauti, angalia chako. Kila mstari una vali yake ya rilifu, ile inayofunguka presha ikizidi na kurudisha oili tangini. Nikakumbuka vitu vitatu vya opereta. Vyote vitatu viko mstari wa kwanza.

Asubuhi tulipima. Kabla ya kufungua chochote tuliteremsha ndoo chini, tukazima injini, tukachezesha leva kila upande kumaliza presha iliyobaki, kisha nikalegeza kifuniko cha tangi pumzi itoke. Kijana mmoja aliyekuja kutazama alitaka kupitisha kiganja chini ya hosi kuona kama inavuja tukiwasha. Nilimfokea kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano likitoa oili kwa presha ile, oili inaingia ndani ya ngozi. Nje unaona alama ya kuchomwa tu, na ndani mkono unaoza. Aliyepata hivyo haendi kununua plasta, anakimbizwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Tafuta uvujaji kwa kipande cha kartoni.

Tuliifanyisha kazi mpaka oili ikafika kama digrii 50, maana ukipima ikiwa baridi unajidanganya. Geji ya baa 400 tuliifunga kwenye kituo cha kupimia cha pampu ya kwanza, geji nyingine kwenye kituo cha pampu ya pili. Opereta akapandisha mkono mkubwa mpaka mwisho na kuushikilia hapo sekunde tatu, nne. Sindano ikapanda mpaka 130 ikakwama. Akavuta mkono mdogo mpaka mwisho: 205.

Hapo ndipo wengi wanakwenda kununua pampu, kwa sababu namba ndogo imeonekana upande wa pampu. Lakini pampu iliyochoka na rilifu inayovuja zinatoa namba ile ile. Kuzitofautisha kulinichukua nusu saa bila senti. Vali za rilifu za mstari wa kwanza na wa pili kwenye mashine yangu ni za aina moja, namba yake ya spea ni ile ile. Nilizifungua zote mbili, nikazibadilishana nafasi, tukawasha.

Mkono mkubwa: 205. Mkono mdogo: 130.

Ugonjwa ulihama na vali. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Opereta alinitazama, hakusema kitu, akawasha sigara mbali na dizeli.

Niliipeleka ile vali mezani, juu ya gazeti, nikaifungua. Kwenye kiti cha kile kikoni kidogo kinachoziba oili kulikuwa na chembe nyeusi ya raba, nusu ya punje ya mchele. Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia vali isifunge sawasawa. Oili ilipenya hapo mchana kutwa ikirudi tangini bila kufanya kazi, na presha inayopotea namna hiyo haiendi popote, inageuka joto. Joto linafanya oili iwe nyepesi, oili nyepesi inavuja zaidi. Ndiyo sababu asubuhi tulikuwa wazima na mchana wagonjwa.

Raba ilitoka wapi? Wiki mbili kabla, hosi ya mkono mkubwa ilipasuka nikatengenezewa nyingine kwenye banda moja mjini. Nilisimama pale nikitazama. Jamaa alikata hosi kwa grenda, moshi wa raba ukijaa, akapachika fitingi mbili, akazibana kwa mashine, akanikabidhi. Kilichokosekana sikukijua wakati ule: hosi ikikatwa kwa diski inabaki na unga wa raba na chembe za waya ndani, na ni lazima isafishwe kabla ya kubanwa fitingi, ama kwa upepo wa kompresa ama kwa kurushiwa kipande cha sponji kinachopita urefu wote. Siku hizi nasimama pale pale, lakini nauliza sponji iko wapi. Banda la pili nililojaribu walikuwa nayo, na wakaziba ncha za hosi kwa vifuniko vya plastiki. Bei ilizidi kwa shilingi 200.

Nilisafisha vali, nikabadilisha sili zake, nikairudisha mstari wa kwanza na mwenzake wa pili, nikabadilisha filta ya kurudi, nikamwaga oili yote nikaweka mpya, ISO 46 kama kitabu kinavyosema. Ya zamani haikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia, lakini ilinuka kuungua. Chujio la tangini nalo lilikuwa na mabaki mengine ya raba. Gharama yote haikufika shilingi 15,000.

Tulipopima tena, mstari wa kwanza ulisoma baa 231. Nilidhani geji imeharibika. Kisha nikakumbuka ule nusu mzunguko wa skrubu. Chembe ya raba ilikuwa imeficha kosa la fundi. Vali ilipoanza kuziba vizuri, presha ikapanda kupita kiwango, na bila geji ningerudi kazini nikifurahia nguvu mpya mpaka hosi au sili ipasuke. Nilirudisha skrubu kidogo kidogo, nikisoma kila mara, mpaka 206.

Sasa sanduku lenyewe. Geji zimejazwa glisirini, kwa hiyo sindano haitetemeki injini ikiunguruma, na hosi ndefu inakuwezesha kusoma ukiwa mbali na sehemu yenye presha. Vituo vyangu vina nyuzi za robo inchi za kawaida na fitingi ya sanduku iliingia bila shida. Hayo ni mazuri. Mabaya: geji ya baa 600 sijaitumia hata siku moja na sidhani mwenye mashine ndogo ataitumia. Kinachokosekana ni geji ndogo. Presha ya leva, ile ndogo inayoziongoza vali, kwangu ni kama baa 35, na ukiipima kwa geji ya 250 sindano inasogea upana wa ukucha tu; nililazimika kununua ya baa 60 peke yake. Ile ya 250 ilianza kutoa glisirini kwenye mshono baada ya miezi miwili, ingawa bado inasoma sawa na ya 400 nikizilinganisha. Karatasi ya maelezo ina kurasa mbili, na moja ni picha ya sanduku.

Na kuna kisichopimwa kwa sanduku hili. Mkanda wa kushoto bado unabaki nyuma kidogo tukitembea mbali, hata presha ikiwa 206. Hiyo sasa inaelekea kwenye mota ya mkanda au ile joiti ya katikati inayopitisha oili kibanda kikizunguka, na huko unahitaji kupima oili inayovuja kwa ndoo na saa. Nimeiweka mpaka mvua ipungue.

Nyota nne kati ya tano. Fitingi ya M14 haipo tena. Waliokuja kuazima ni watatu, na kila mmoja anasema alipolifungua sanduku hakuikuta.