CD ya kuchoma na CD orijino: nilichosikia kwa masikio yangu hapa Moshi

Nimelelewa na kaseti, na kwenye kaseti kopi ilikuwa kopi kweli. Ukirekodi kwa mwenzako ambaye naye alirekodi kwa mwenzake, unaishia kusikiliza shhh kuliko wimbo. Kwa hiyo nilipoanza kununua CD za kuchoma karibu na stendi na kuzisikia zimepwaya, sikushangaa. Nikajua ndiyo yale yale. CD moja ya kwaya ndiyo iliyonitoa kwenye imani hiyo.

Orijino niliinunua mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, waimbaji wenyewe wakiwa wamezipanga mezani, shilingi 5,000. Miezi michache baadaye nikaiona kibandani kwa 1,500, jalada limetolewa fotokopi ya rangi. Nikachukua moja makusudi nilinganishe, kwenye sabufa ya nyumbani Majengo na kwenye redio ya gari.

Tofauti ilikuwepo, tena kubwa. Kwenye orijino unasikia punje za kayamba zikigonga moja moja. Kwenye ile ya kibanda kayamba limekuwa kama maji yanayomwagika juu ya bati. Sauti ya kwanza wakipanda pamoja, maneno yanavurugika. Besi ipo, nzito kabisa, na nadhani ndiyo maana wengi hawashtuki.

Nikarudi kibandani. "Kijana wangu, hii uliichoma kutoka kwenye CD yenyewe?"

"Hapana mzee, ilikuwa kwenye kompyuta. Nililetewa kwa flashi."

Hapo ndipo penye jibu. CD ya muziki hubeba sampuli, yaani namba zinazopima sauti, 44,100 kila sekunde kwa kila spika, jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wimbo wa MP3, yaani faili lililobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti ili liwe dogo, ukizunguka kwenye maflashi mara nyingi ni wa kilobiti 128, yaani karibu sehemu moja ya kumi na moja. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi ukiuchoma tena kama CD ya kawaida. Diski itacheza kwenye deki yoyote, itaonyesha dakika zake vizuri, lakini ndani ni MP3 iliyovaa nguo za CD. Nilizifungua zote mbili kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikatazama picha ya masafa, inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu: orijino inapanda mpaka karibu kilohezi 20, ya kibanda imekatwa kama kwa panga kwenye 16. Mtu wa umri wangu huko juu hasikii sana, nakubali. Uharibifu unaoniudhi uko chini ya hapo, kwenye makofi, kayamba na herufi "s".

Kisha nikachoma ya kwangu. Niliisoma orijino kwa Exact Audio Copy, programu inayorudia kusoma mahali penye shaka mpaka ipate namba zilezile, nikaichoma kwenye diski tupu ya bei nzuri kidogo, kwa spidi ya 16, yaani mara 16 ya mwendo wa kuisikiliza. Mdogo wangu akawa anabadilisha diski tatu bila kuniambia ipi ni ipi, mara kumi. Ya kibanda niliitaja kila mara. Orijino na ile niliyochoma mwenyewe zilinishinda kabisa, nikawa nabahatisha. Na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana namba zilizonakiliwa bila kosa ni namba zilezile. CD haina shhh ya kurithishana kama kaseti.

Panapotofautiana ni kwenye uimara. Orijino imegandamizwa kiwandani: vishimo viko kwenye plastiki yenyewe, vikafunikwa alumini. Ya kuchoma inategemea tabaka la rangi ambalo leza hulibadilisha, na rangi hiyo haipendi jua. Nilishaacha kopi moja kwenye dashibodi wiki kadhaa za kiangazi. Ikaanza kukwama nyimbo za mwisho, kisha deki ikaikataa. Wala haikufifia polepole. Mashine ya CD ina namna ya kusahihisha makosa, yakizidi inakisia, ikishindwa unasikia tiki au kimya. Kwa hiyo kopi ikiwa mbovu itaruka na kukwama. Ukisikia imepwaya tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, shida iko kwenye chanzo.

Tena, wengi tunalinda upande unaong'aa na kutupa diski kifudifudi, kumbe data iko karibu zaidi na upande wa maandishi. Mkwaruzo wa juu ndio unaoua. Stika za karatasi nazo nimeziacha, zinaifanya diski iyumbe ikizunguka kwa kasi.

Kwa hiyo ya kibanda siwezi kumshauri mtu, hata kwa 1,500. Sauti imeshanyofolewa kabla haijafika kwenye diski, na wale waimbaji waliosimama mlangoni na meza yao hawapati hata senti. Nunua kwao, kisha jichomee yako ya safari.

Mimi orijino imelala kabatini, kwenye kasha lake. Iliyopo kwenye gari ni kopi, inakwenda Arusha na kurudi karibu kila wiki. Kayamba bado nalisikia punje kwa punje, hata nikipita Boma Ng'ombe vioo vikiwa wazi.