Picha za nyongo na tumbo Dar: kipimo kipi kinastahili pesa yako

Mtu mwenye macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi na choo kilichopauka hakosi mashine Dar es Salaam. Altrasaundi zimejaa mpaka vituo vya mitaani, CT skani zipo, MRI zipo. Tatizo liko kwenye mpangilio: kipimo gani kitangulie, na ripoti ijibu swali gani. Kwa hiyo hapa AC ya mapokezi na bahasha ya rangi havina alama. Kinachopimwa ni kama daktari wa upasuaji akiisoma ripoti anaweza kuamua la kufanya.

Altrasaundi ndiyo inastahili pesa ya kwanza, na ndiyo huduma inayotofautiana mno kati ya kituo na kituo, kwa sababu matokeo yake yako mkononi mwa mpimaji. Kwa mawe yaliyomo ndani ya mfuko wa nyongo, mpimaji mzuri huyapata zaidi ya mara 9 katika 10. Jiwe likishashuka kwenye mrija mkuu wa nyongo, hesabu inabadilika. Sehemu ya chini ya mrija hupita nyuma ya mwanzo wa utumbo mwembamba, na gesi ya utumbo huzuia mawimbi ya sauti. Ndiyo maana ripoti ya "hakuna jiwe" kwa mgonjwa ambaye bilirubini, yaani ile rangi ya manjano kwenye damu, inapanda haitoshi kumrudisha nyumbani.

Maandalizi ni kufunga kula kwa muda wa saa 6 hadi 8. Maji kidogo hayana shida. Chai ya maziwa, supu na bazoka zina shida. Mafuta hufanya mfuko wa nyongo ujikaze, na ukijikaza ukuta wake huonekana mnene, wakati kikomo cha kawaida ni milimita 3. Mgonjwa aliyetoka kunywa supu anaweza kuandikiwa uvimbe wa mfuko wa nyongo ambao hana. Kituo kinachokupima bila kuuliza ulikula saa ngapi, na wewe si mgonjwa wa dharura, kimeshapoteza alama.

Halafu angalia unavyopimwa. Kipimo kamili huanza umelala chali, kisha unageuzwa ubavu wa kushoto, na mara nyingine unasimamishwa. Jiwe hubingirika na kuacha kivuli cheusi nyuma yake; kinyama kilichoota ukutani hubaki palepale. Matope ya nyongo husogea taratibu na hayatoi kivuli. Ukibaki chali mwanzo mwisho na jeli inafutwa baada ya dakika chache, hakuna aliyetofautisha hayo matatu, hata ripoti iwe na kurasa ngapi.

Kwenye ripoti, mrija mkuu huandikwa CBD. Tafuta namba mbele yake. Kawaida haizidi milimita 6, ingawa kwa mzee au mtu aliyekwisha kutolewa mfuko wa nyongo inaweza kufika 10 bila ugonjwa. Neno "kawaida" bila milimita halimsaidii mtu, maana wiki ijayo hakutakuwa na cha kulinganisha. Kosa lingine la mara kwa mara ni kupima mshipa wa damu wa ini ukidhaniwa ni mrija, kwa sababu mpimaji hakuwasha Dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu ikitembea. Mshipa una rangi ya damu inayotembea, mrija hauna. Na mpimaji akiandika kwamba sehemu ya chini haikuonekana kwa sababu ya gesi, msimlaumu. Huyo amesema kweli. Mwenye uzoefu zaidi atakupa maji kama nusu lita, akukalishe, kisha aangalie tena kupitia tumbo lililojaa maji.

Mpimaji wa Dar anatakiwa pia ajue magonjwa ya hapa. Mtoto mwenye selimundu hupata mawe ya nyongo mapema kwa sababu chembe zake nyekundu za damu huvunjika kwa wingi, kwa hiyo maumivu yake ya juu kulia yasipachikwe vidonda vya tumbo kabla hajapimwa. Mtu aliyekulia Kanda ya Ziwa anaweza kuwa na kichocho cha tumbo: kuta za mishipa ndani ya ini hung'aa na kunenepa, na bandama inakuwa kubwa. Asiyekijua huandika ini limesinyaa kwa pombe. Minyoo mikubwa ya tumbo nayo hupanda mrijani; huonekana kama mistari miwili sambamba isiyo na kivuli, na ikiwa hai hujinyonga mbele ya macho yako kwenye skrini.

CT skani inanunuliwa kuliko inavyohitajika. Watu huiona "kubwa" kwa hiyo wanadhani inaona kila kitu, lakini mawe mengi ya kolesteroli yana uzito sawa na nyongo yenyewe na hayaonekani kabisa. Nguvu yake ni kwingine: uvimbe wa kichwa cha kongosho, saratani ya ini, matezi, usaha, utumbo uliotoboka. Hapo inalipa, ikiwa imepigwa inavyotakiwa. Kabla ya kulipa uliza itapigwa awamu ngapi. Uvimbe wa ini unahitaji awamu ya ateri, karibu sekunde 35 baada ya dawa ya kung'arisha picha kuingia mshipani, na ya mshipa wa ini karibu sekunde 70. Saratani ya ini hung'aa kwenye ya kwanza na kufifia kwenye ya pili. Ikipigwa moja tu, umelipia nusu ya jibu.

Tazama na kanula, kile kijiti cha plastiki cha kupitishia dawa mshipani. Ya pinki au ya kijani, kwenye mshipa mkubwa wa mkono, hupitisha dawa kwa kasi inayotakiwa. Ya buluu iliyobanwa nyuma ya kiganja hulazimisha dawa iende polepole, au inavujia kwenye nyama na mkono unavimba. Majibu ya figo, yaani kreatinini, yawepo kabla dawa ya ayodini haijaingia, na anayetumia metformini ya kisukari aseme. Mionzi ya CT ya tumbo ni kama milisiveti 8 kwa mzunguko mmoja, zaidi ya mionzi ya asili ya miaka mitatu, kwa hiyo isirudiwe kwa sababu tu kituo cha pili hakikupokea picha za cha kwanza. Kwa kongosho lililovimba ghafla, ukikimbilia CT siku ya kwanza, uharibifu unaweza usionekane. Ikiwa utambuzi uko wazi, kusubiri saa 72 kunaleta picha ya maana zaidi.

MRCP, yaani MRI ya mirija ya nyongo, ndiyo kipimo bora cha kuangalia mrija bila kuingiza kitu mwilini. Haina mionzi wala sindano ya dawa. Majimaji ya nyongo yenyewe ndiyo yanayong'aa. Unafunga kwa muda wa saa 4 hadi 6, hata maji hunywi. Baadhi ya vituo hukunywesha juisi ya nanasi kabla, na si ukarimu: manganizi yake hufifisha majimaji ya tumbo yasifunike mrija. Uliza nguvu ya sumaku. Tesla 1.5 inafaa. Mashine ya wazi ya 0.3 ni nafuu kwa anayeogopa kufungiwa, lakini kwa mirija myembamba picha huwa na ukungu.

MRCP nayo inakosea. Jiwe chini ya milimita 3 linaweza kupita, hasa daktari akisoma ile picha moja nzuri inayozunguka na kuacha vipande vyembamba, kwa sababu nyongo inayong'aa hulifunika. Kiputo cha hewa huonekana kama jiwe. Tofauti ni kwamba hewa huelea na jiwe huzama. Ukishindwa kubana pumzi au kupumua kwa mpangilio, mrija huonekana umekatika.

ERCP, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi mlango wa mrija wa nyongo, isitumike kuchungulia. Kati ya wagonjwa 100, 3 hadi 10 huvimba kongosho ghafla baada yake, kwa hiyo ina maana pale ambapo jiwe linakwenda kutolewa au mrija wa plastiki unakwenda kuwekwa. Kizuizi kikiwa juu karibu na ini, njia mara nyingi ni kutoboa kupitia ngozi na kukimbiza nyongo nje. Muhimbili na chuo chake cha afya, MUHAS, walianza mafunzo ya radiolojia tiba, yaani kutibu kwa kuongozwa na picha, mwaka 2018, na kazi hii ni sehemu yake.

Fomu iliyoandikwa "maumivu ya tumbo" tu huzaa ripoti ya namna hiyohiyo. Mwombe daktari aandike kiwango cha bilirubini, manjano yalianza lini, upasuaji uliopita na majibu ya homa ya ini B.

Mwisho, usiondoke na filamu mbili za ukutani. CT ya awamu tatu ina mamia ya picha, na daktari wa upasuaji anazihitaji zote. Omba CD, ifunguliwe kwenye kompyuta yao ukiwa bado dirishani, hakiki jina na tarehe, kisha ndiyo usaini kwamba umepokea.