Badala ya iPod: uzoefu wangu na SanDisk Clip Jam hapa Pemba

Nianze na jibu kwa wasio na subira. Kwa msikilizaji wa taarab na mawaidha aliyeko Chake Chake kama mie, SanDisk Clip Jam, kijimashine cha kusikilizia nyimbo za MP3, inatosha, na bei yake haikaribii kabisa ile wanayotaja wenye kuuza iPod zilizokwisha kutumika. Kwa anayetafuta kitu cha kutambia, hapana. Ni kiplastiki chepesi chenye kibanio mgongoni na kioo kidogo ambacho mzee atakisoma kwa miwani.

iPod nano naipenda hadi leo, sifichi. Lakini Apple waliacha kuuza nano na shuffle mwaka 2017, na iPod touch, ya mwisho katika ukoo huo, ikafuata mwaka 2022. Kwa hiyo nano yoyote utakayooneshwa Darajani leo, hata ikiwa imo ndani ya boksi lake, ni ya zamani. Betri za aina hiyo huchakaa hata zikikaa tu kabatini, na ya nano haikuwekwa ili mwenyewe aibadilishe. Ukimpata fundi anayekubali kuifungua, ushalipa mara mbili.

Halafu kuna iTunes, programu ya Apple ya kupangia nyimbo. Nano haipokei nyimbo kwa kukopi tu. Lazima zipitie kwenye programu hiyo au nyengine ya aina yake, kwenye kompyuta iliyopangwa kwa kazi hiyo. Sisi huku nyimbo tunapeana kwa fleshi: huyu ana za harusi, yule ana darsa za mwezi wa Ramadhani. Clip Jam unaichomeka kwenye kompyuta yoyote, inafunguka kama fleshi, unakopi, unachomoa. Hata ya ofisini inafaa, bosi akiwa katoka.

Mtaniuliza, simu si ipo? Ipo. Ila simu ndiyo ya kutumiana pesa, ndiyo ya kupigiwa na watu wa nyumbani, na umeme ukikatika usiku kila asilimia ya chaji ina kazi yake. Tena msimu wa karafuu ukifika, kupanda na simu juu ya mkarafuu ni kuitafutia ajali. Hiki unakibana kwenye kola, na vitufe vyake unavibonyeza kwa kupapasa bila kukitoa. Watengenezaji wanasema betri huchukua mpaka saa 18. Sijakaa na saa kuhesabu, lakini safari ya meli kutoka Mkoani hadi Unguja haijawahi kuimaliza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji na kwetu ndilo la kwanza. Taarab si wimbo wa dakika tatu. Utangulizi wa fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi) peke yake unaweza kukufikisha sokoni, na darsa moja huvuka saa nzima. Ukizima katikati, mashine inakumbuka ulipoishia? Shemeji yangu alinunua ile yenye sura ya nano lakini isiyo na jina la kueleweka. Ina kioo kikubwa, ina picha, ina michezo, na kila akiizima inarudi mwanzo wa faili la kwanza. Amebaki kusikiliza bismillahi za mashekhe tu. Kwenye Clip Jam kuna folda iitwayo Audiobooks na nyengine Podcasts; faili lolote la MP3 utakaloliweka humo, hata kama ni taarab, utaendelea nalo pale pale ulipoliacha. Mie darsa zote nimezitia huko, nyimbo fupi ndizo zinazokaa Music.

Ndani ina GB 8, na ina nafasi ya kadi ndogo ya microSD mpaka GB 32. MP3 ya 128 kbps (kipimo cha ubora wa sauti) hula kama MB 1 kwa dakika, kwa hivyo kadi hiyo inabeba zaidi ya saa 500. Usinunue ya 64 kwa tamaa. Na kadi yenyewe ijaribu kabla hujaiamini, kwani zipo zilizochezewa, zikajisema 64 na ndani ni 8 tu: unajaza, zinapokea, kisha mafaili ya mwisho hayafunguki. Ijaze kadi mpaka pomoni, halafu cheza yale ya mwisho.

Kasoro? Hedifoni zinazokuja nayo ni za kumpa mtoto, nunua nyengine. Redio ya FM imo, lakini waya wa hedifoni ndio antena yake, ukiuchomoa husikii kitu. Bluetuthi haina. Ukiitaka hiyo, iko Clip Sport Plus, ndugu yake, ila yeye hana nafasi ya kadi, unabaki na GB 16 zake. Kwa wanaokimbia asubuhi uwanja wa Gombani itawafaa. Mie nina darsa nyingi mno, nimebaki na waya.