Hurricane ya balsa na hewa ya Unguja: uzoefu wangu wa kuunga ndege ya rimoti

Nianze na aibu. Bawa la kwanza la ndege yangu lilijipinda lenyewe usiku, juu ya meza ya kulia chakula, hakuna aliyeligusa. Nimelala liko sawasawa, nimeamka ncha ya kushoto imeinuka milimita sita. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, Mwanakwerekwe maji yamejaa hadi barazani. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kitabu cha maelekezo kiliandikwa na mtu asiyewahi kuona chumvi ikigeuka maji ndani ya kopo lake.

Seti yenyewe, yaani boksi la vipande vya kuunga, ni ya Hawker Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1935 na kupigana sana katika anga ya Uingereza mwaka 1940. Ndege halisi ilikuwa na mita 12.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha; hii ni moja kwa kumi, yaani sentimita 122. Wengi huniuliza kwa nini sikuchukua Spitfire, ndege nyengine ya kivita ya Waingereza ya wakati ule. Spitfire ina bawa la kupendeza, lakini jembamba na ncha zake zimechongoka, na ukiiunga ndogo, ikipunguza mwendo hupenda kuangukia ubavu mmoja ghafla. Bawa la Hurricane ni nene, lina subira na mtu anayejifunza. Halafu Hurricane ya kweli, kutoka nyuma ya rubani kwenda mkiani, ilikuwa kitambaa kilichovutwa juu ya fito za mbao. Kwa hiyo fito zikionekana chini ya ngozi si kasoro yako, ndivyo ilivyokuwa.

Nililipa laki tatu na themanini kwa seti tupu. Mota, sevo nne (vimota vidogo vya kusogeza usukani wa ndege), rimoti na betri ni juu yako, na hapo ndipo mfuko unapotoboka: mie zilinifikia karibu laki sita nyengine. Kifurushi kilikaa wiki tatu forodhani kinasubiri kutolewa kwa sababu juu yake imeandikwa ndege ya vita. Nikaitwa nieleze. Nilipofungua boksi wakaona vibao vyepesi kama biskuti, waliniachia huku wanacheka.

Ukataji sina neno la kuulaumu. Kila kipande kimekatwa kwa leza, kinaingia kwenye tundu lake kwa kubanwa kidogo tu, hata bila gundi unaweza kuisimamisha ndege nzima. Balsa yenyewe, mbao nyepesi sana ya kuungia ndege hizi, ndiyo mchanganyiko. Mti huu, ambao nyingi inayouzwa duniani hutoka Ecuador, unatofautiana sana kwa uzito, ubao mmoja unaweza kuwa mara mbili ya mwenzake na kwa macho usijue. Nilivipima vibao vyangu kwenye mizani ya jikoni na nikakuta vizito kabisa ndivyo walivyokatia mkia. Hilo ni kosa hasa. Hurricane ina pua fupi. Kila gramu unayoiweka mkiani utailipa kwa gramu kadhaa mbele. Ukinunua, pima kwanza, na vipande vya mkia ukiweza vikate upya kwa ubao mwepesi. Mie sikufanya.

Ami yangu ni fundi wa vyombo Nungwi, amechonga ngalawa tangu mie sijazaliwa. Alikuja kututazama, akalikuta bawa lenye mbavu tupu juu ya meza, akainama, akafumba jicho moja akalitazama kwa urefu.

"Mataruma haya," akasema, "mtu akipiga chafya?"

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa, iwe nyepesi. Akauliza mbao zimekaa siku ngapi nje ya boksi kabla sijaanza kuunga. Nikasema siku hiyo hiyo. Akatikisa kichwa kama aliyepewa chai baridi. "Mbao uiache kwanza izoee hewa ya pahala itakapoishi. Ukiifunga ingali ngeni, itajifungua."

Kitabu chote, kurasa 40, hakina sentensi hiyo. Bawa la pili niliviacha vibao wima ukutani wiki mbili, vipulizwe pande zote, ndipo nikaunga. Halikupinda.

Unyevu haukuishia hapo. Ramani ya karatasi unayoungia juu yake inatanuka. Mie nilipoibandika kwenye kipande cha jipsamu na kuifunika kwa nailoni, urefu wa bawa ulizidi vipande vya mbao kwa karibu milimita tatu. Niliwaza wamekosea kukata. Amini vipande, usiamini karatasi. Na supaglu, ambayo wao wanasema ina sekunde kumi za kurekebisha, kwetu inashika kabla hujasema bismillahi, na pembeni inaacha ukungu mweupe. Nikaiacha kwa maungio madogo, kwengine kote nikatumia gundi nyeupe ya seremala na pini za kushonea, na kusubiri hadi kesho yake.

Kwa kweli hawa wa seti si wa kwanza kushindwa na hewa yetu. Ndege za kivita za mwanzo kuja upande huu zililetwa kuitafuta manowari ya Wajerumani Königsberg, ile iliyoizamisha manowari ya Waingereza Pegasus hapa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914 kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Zilikuwa ndege za kutua majini, za mbao na kitambaa, na joto na unyevu viliwatesa marubani wake hadi nyengine zikawa na taabu hata ya kuinuka majini. Nikiwa nimekaa na bawa langu lililopinda, niliwaonea huruma.

Ngozi ni nailoni ya rangi inayobandikwa kwa joto. Pasi maalumu sina, nikaazima ya nyumbani, na mama watoto hajanisamehe kanzu iliyoshika rangi ya kijani. Lakini ngozi hii ndiyo iliyoniokolea bawa la kwanza, maana sikulitupa. Unalishika bawa, unalisokota kinyume cha lilivyopinda, na zaidi kidogo, mwenzako anapitisha pasi juu ya ngozi mpaka ivute, kisha mnasubiri ipoe mkiwa mmelishikilia vivyo hivyo. Tulirudia mara tatu. Sasa limekaa nalo ni la akiba.

Uzito wa ndege uliotajwa kitabuni ni kilo 1.2. Yangu ilitoka 1.34, na humo mna gramu 95 za chubwi za kuvulia nilizozijaza puani ili mizani ya ndege ikae panapotakiwa. Ule mkia.

Kuhusu kurusha, usirushe kienyeji. Mie nilianza kwa sheha, akanielekeza panapoombwa kibali, na uwanja niliuchagua mbali na njia ya ndege za uwanja wa ndege wa Kisauni. Mchanga wa mashariki maji yakipwa unavutia, lakini kuna kina mama na mwani wao. Tukaenda uwanja wa mpira kijijini kwa wakwe zangu, Mkwajuni, asubuhi mapema ya Septemba kabla kusi halijaamka.

Mpwa wangu aliirusha kwa mkono. Ilivyotoka ikalalia kushoto, kwa kuwa panka likizunguka huku mwili unataka kwenda kule. Kitabu kimelitaja hilo kwa mstari mmoja, lilistahili ukurasa. Nikaibana kulia, ikanyooka, ikapanda. Dakika nne. Sauti yake si ya Merlin, injini ya Hurricane halisi, ni ya blenda, lakini ilipopita na jua nyuma yake zile fito za mkiani zikaonekana zote, watoto wa uwanja mzima walinyamaza.

Kutua haina magurudumu, inatua kwa tumbo. Na chini ya tumbo Hurricane ina rejeta, ambayo seti inakuambia uigandishe kwa gundi. Iling'oka na kipande cha ngozi. Irejeshe kwa sumaku mbili ndogo, iwe inachomoka yenyewe.

Ningenunua tena? Ndiyo, ila kama hujawahi kurusha chochote, usianze na hii.

Ami hakuuliza habari za kuruka. Aliuliza vibao vilivyobaki viko wapi, akavipima kiganjani kimoja kimoja, akaondoka na vitano. Anataka kuwachongea wajukuu ngalawa.